Homa Ndiyo Iliyotangulia

Mwaka 1980, katika nyumba za askari polisi mjini Kampala, aliishi koplo mmoja aliyejulikana na majirani kwa mambo mawili: viatu vyake viling'aa kuliko vya wenzake wote, na hakupata kumkaripia mtoto wa mtu. Mkewe alijua na la tatu. Koplo akishalala usiku, hata radi haikumwamsha.

Kwa hiyo usiku mmoja, alipomkuta saa nane akipiga pasi nguo za kazi, ilhali mkaa umekwisha kuwa majivu na pasi imepoa kama jiwe, mama huyo alishtuka.

"Baba watoto, mbona hulali?"

Koplo akajibu kwamba kesho kuna gwaride. Hapakuwa na gwaride.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya zaidi. Mchana alisinzia kijiko kikiwa mkononi, na usiku alizunguka chumbani akizungumza na mtu asiyeonekana. Alimzaba kofi mwanawe wa kwanza kwa kosa la kumwaga maji, kisha akalia kwa sauti kana kwamba yeye ndiye aliyepigwa. Penye lindo alikutwa amelala amekaa, bunduki iko magotini. Sajini wake alimnusa kinywa kutafuta harufu ya waragi, asiipate, na katika taarifa yake akaandika waragi vile vile.

Kampala ya mwaka ule haikuwa mji wa usingizi. Vita vilivyomwondoa Idi Amin vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, lakini milio ya bunduki usiku ilikuwa haijaisha, na askari wengi walikuwa wamebeba vifuani mambo wasiyoweza kuyasimulia nyumbani. Basi koplo alipofikishwa katika hospitali moja mjini, daktari alimtazama kwa dakika chache akasema kwamba vita vimemwingia kichwani. Haikuwa hukumu ya ukatili. Kwa askari mwingine ingeweza kuwa kweli kabisa. Koplo alipewa dawa za kutuliza, akalala, na wote wakafurahi kwamba dawa imefanya kazi. Hakuna aliyekumbuka kwamba kulala mchana hakukuwa shida yake hata kidogo.

Tangu siku hiyo neno likamfuata. Penye bomba la maji wanawake walinong'ona kwa Kiganda, "mulalu", yaani mwenda wazimu. Na neno hilo lina tabia yake: likishamkaa mtu, kila alisemalo huhesabiwa kuwa dalili yake. Koplo alilalamika kwamba kichwa kinamwuma kisogoni. Wakasema ni mawazo. Alisema kwamba hata akijigonga mkono kidogo mlangoni, maumivu huja kwa kuchelewa na kuzidi kiasi, wakasema anadeka. Vidole vilimtetemeka, ulimi ukawa mzito. Wakasema ni dawa anazomeza. Mkewe alipojaribu kueleza, aliambiwa kwa adabu angoje nje.

Mama huyu hakuwa amesoma zaidi ya shule ya msingi, lakini alikuwa na daftari. Bidhaa zilikuwa adimu siku zile, na mke wa askari aliyetaka nyumba isimame aliandika kila senti: sukari, sabuni, mafuta ya taa, nani anadaiwa na nani anadai. Usiku mmoja, akimlinda mumewe asitoke nje, alilifunua akasoma kurudi nyuma. Hapo akaona vidonge vya klorokwini vimenunuliwa mara tatu katika majuma sita. Mara ya kwanza ilikuwa siku chache tu baada ya mumewe kurudi kutoka Busoga, alikokaa miezi minne katika kituo cha kando ya ziwa. Usiku ule wa pasi ulikuja nyuma kabisa, karibu miezi mitatu baadaye.

Alirudi hospitalini na daftari lake. Daktari hakuwapo. Alimkuta msaidizi wa daktari, kijana mzaliwa wa Busoga, akamwambia maneno machache: "Mwanangu, homa ndiyo iliyotangulia. Wazimu ulikuja nyuma yake."

Kijana hakucheka. Aliuliza kama mgonjwa aliwahi kuumwa na mbung'o. Mama akakumbuka jipu gumu, jekundu, lililotoka nyuma ya mguu wa koplo alipotoka safari, ambalo yeye mwenyewe alilikanda kwa maji ya chumvi. Kijana akachukua damu.

Swali lile lilitoka katika msiba ambao kila Msoga aliujua. Mwaka 1901 madaktari wawili wa hospitali ya misheni ya Mengo, ndugu Albert na Jack Cook, walitambua malale kwa wagonjwa wao. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota, kwa vile kichwa cha mgonjwa kilivyoinama kwa kusinzia. Kufikia mwaka 1903, Aldo Castellani na David Bruce, wakifanya kazi Entebbe, walikuwa wamekiona kijidudu chake katika maji ya uti wa mgongo na kumjua mbung'o kuwa ndiye mchukuzi. Hata hivyo watu zaidi ya 200,000 walikufa katika maeneo ya ziwa kabla ya mwaka 1920. Kisha, tangu mwaka 1976, ugonjwa ulirudi Busoga kwa nguvu. Biashara ya pamba na kahawa ilikuwa imeanguka, mashamba yakaachwa, vichaka vya lantana vikasogea hadi milangoni mwa watu, na mbung'o akasogea navyo. Mwaka 1980 ndio uliokuwa kilele: wagonjwa zaidi ya 8,000 kwa mwaka mmoja.

Kijidudu hicho hukaa kwanza katika damu, kikileta homa inayokuja na kuondoka, ambayo kila mtu huiita malaria. Baadaye huingia katika ubongo. Hapo usiku na mchana hubadilishana nafasi, mtu mpole huwa mkali, mwenye haya huvua nguo hadharani, mwingine hucheka peke yake. Malale ya mashariki, ambayo hukaa pia katika ng'ombe na wanyama wa mwituni, hufika ubongoni kwa majuma au miezi tu. Ile ya upande wa West Nile huweza kuchukua miaka, na ndugu husahau kabisa siku mambo yalipoanza. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili.

Katika damu ya koplo, chini ya hadubini, vijidudu vilikuwa vikijipinda-pinda kati ya chembe. Maji ya uti wa mgongo yalithibitisha kwamba vimekwisha kufika ubongoni. Alipelekwa mashariki akatibiwa kwa melasoprolo, dawa yenye aseniki ndani yake, inayouma mshipani kama moto, na ambayo yenyewe iliua wagonjwa wapatao watano katika kila mia. Mkewe alielezwa hayo kabla ya sindano ya kwanza. Akauliza nini kitatokea asipochomwa. Akajibiwa. Akakubali.

Siku hizi kuna vidonge vya feksinidazole, vilivyokubaliwa mwaka 2018 kwa malale ya polepole na mwishoni mwa 2023 kwa ile ya haraka, na wagonjwa nchini wamebaki wachache sana. Lakini uchache huo una hatari yake. Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta malaria tu. Zamani jicho kali lililotazama kioo cha damu liliweza kukutana na malale bila kuyatafuta. Wala si malale pekee yanayojivika vazi la wazimu: malaria ya ubongo, sukari kushuka mwilini, tezi ya shingo, kaswende ya zamani, na ukungu unaoshambulia utando wa ubongo kwa wenye UKIMWI, vyote vimewahi kumfanya mtu mzima aitwe mwenda wazimu. Hapa hakuna aibu juu ya hospitali ya Butabika, ambayo tangu mwaka 1955 imewatunza wengi wenye maradhi ya akili ya kweli. Hata huko damu hupimwa.

Koplo alirudi kazini, mwembamba, mwenye kusahau majina, lakini mpole kama zamani. Jalada lake ofisini lilikuwa na karatasi ya wazimu juu, na ya malale imefichwa chini. Mkewe alikwenda kwa karani akaomba ile ya malale iwekwe mbele. Karani akasema haiwezekani, majalada hupangwa kwa tarehe.

"Vyema, mzee, tupange kwa tarehe," akajibu mama, akafungua daftari kwenye klorokwini ya kwanza.