Sikio la Mzee na Kompyuta ya Kijana



Kabla simu za mkononi hazijaenea Kivu ya Kusini, habari nyingi kutoka Shabunda, Fizi na Mwenga zilifika Bukavu kwa fonie. Huenda baadhi yenu mmeiona tu ikiwa imejaa vumbi pembeni mwa ofisi fulani: kisanduku cha chuma, kipaza sauti chenye waya wa kujikunja, na huko nje waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili. Betri ya gari ilitosha kuiendesha. Kwa chombo hicho watu walipashana habari za misiba, waliomba dawa na waliulizana bei za bidhaa.

Fonie ni chombo cha kazi. Inaye ndugu yake, redio ya ridhaa, ambayo hushikwa na watu wasiotafuta malipo. Hao hupenda kuzungumza hewani na kujifunza namna mawimbi yanavyosafiri. Kila mmoja hupewa leseni pamoja na alama ya kujitambulisha. Alama za nchi yetu huanza na 9Q. Miongoni mwa watu hao, duniani kote, upo mvutano kati ya wapenda desturi na wapenda mitindo ya kidijitali. Mvutano huo nimeuona hata hapa kwetu, kati ya wazee wa fonie na vijana wa kompyuta.

Mzee mmoja aliyepiga fonie kwa miaka mingi aliniambia: «Mwanangu, mashine hizo zinasalimiana zenyewe. Mtu yuko wapi?» Asemalo lina uzito. Yeye anajua kwamba mawimbi yafaayo mchana siyo yafaayo usiku. Anajua kwamba waya ukifungwa chini kiasi, mawimbi hupanda wima, hurudishwa na tabaka la juu la anga, kisha hushuka nyuma ya milima ambako mnara wa simu haufiki. Tena huitambua sauti ya mwenzake wa mbali kabla hajajitaja, na kwa sauti hiyo tu hujua kama nyumbani kwake kuna msiba.

Kijana mmoja, fundi wa kompyuta, alimjibu kwa heshima: «Baba, sauti yako ikizama katika kelele, mashine hii bado inakuokota.» Naye alisema kweli. Mwaka 2017 Joe Taylor, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, pamoja na mwenzake Steve Franke, walitoa mtindo uitwao FT8. Kompyuta mbili zenye saa zilizolinganishwa hupokezana ujumbe kwa zamu za sekunde 15, hata pale ambapo sikio husikia kelele tupu. Lakini maneno ambayo mtu aweza kujitungia humo hayazidi herufi 13 kwa zamu moja. Kwa herufi 13 huwezi kumfariji mfiwa.

Nikitazama historia, naona kwamba mpaka kati ya ukale na usasa haukai mahali pamoja. Alama za Morse, ambazo wakongwe huziheshimu kuliko zote, ni nukta na mistari: mkondo wa umeme unawashwa na kuzimwa. Basi zilikuwa za kidijitali kabla neno hilo halijazaliwa! Ulipoingia mtindo wa sauti ambao fonie hutumia, wako wakongwe waliolalamika kwamba unawafanya watu walie kama mabata. Leo mtindo huo ndio desturi. Mwaka 2003, mkutano wa kimataifa uliofanyika Geneva uliondoa sharti la kujua Morse kwa wapenda redio wa mawimbi mafupi. Hata hivyo, Morse haikufa. Wanaoipenda wanaendelea kuitumia.

Kwa nini jambo hili lituguse sisi? Kumbukeni tarehe 31 Desemba 2018, siku iliyofuata uchaguzi. Intaneti ilikatwa nchini kote, na ujumbe mfupi wa simu nao ukakatwa, kwa muda wa karibu siku 20. Siku zile tulijifunza kwamba njia moja ya mawasiliano ikiwa mikononi mwa wachache, hao wachache waweza kuifunga. Redio ya mawimbi mafupi haihitaji mnara. Siku hizi iko hata programu ya kupeleka barua za kompyuta kwa mawimbi hayo. Kazi hiyo yahitaji ujuzi wa mzee wa waya na saa, na ujuzi wa kijana wa kompyuta. Kila mmoja akibaki na chake, siku minara itakaponyamaza tutakuwa na chombo kisicho na fundi. Nao wazee hawatungoji daima.

Mtakatifu Maximilian Kolbe, ambaye wapenda redio wengi humwita msimamizi wao, alikuwa na alama SP3RN. Alianza kuchapisha gazeti mwaka 1922, na mwaka 1938 akaongeza kituo cha redio. Hakuitupa mashine ya kuchapia. Maskauti nao walianza jambori yao ya hewani mwaka 1958. Intaneti ilipokuja waliongeza jambori ya mtandaoni, na sasa zote mbili hufanyika siku zilezile za Oktoba.

Bila leseni, kitufe cha kusemea msikiguse. Lakini swali halina leseni. Mtafuteni mzee wa fonie mtaani mwenu, mketi naye na daftari, naye aone simu zenu zinavyofanya kazi.

Ya kujadiliana katika kikundi:

1. Ni ujuzi gani walio nao wazee wetu ambao hakuna kijana ameuandika?
2. Ni kifaa gani kipya tunachokidharau kwa sababu tu hatukukikuta kwa wazee?