Majina Niliyoyakata

Naandika haya nikiwa nimestaafu, na naandika kwa shukrani, kwa kuwa nimesamehewa jambo ambalo kwa muda mrefu sikujua hata kwamba lilihitaji msamaha.

Kwa miaka mingi nilifanya kazi katika dawati la michezo la gazeti moja jijini Nairobi. Jina langu halikutokea gazetini. Kazi yangu ilikuwa kupanga kurasa: habari hii ikae juu, hii pembeni, hii ifupishwe, hii itoke. Ukurasa ukijaa lazima kitu kiondoke, na mara nyingi kilichoondoka kilikuwa mchezo wa wanawake. Hakuna mkubwa aliyeniagiza hivyo, wala sikuwahi kukaa nikaamua kwamba wanawake hawastahili kuandikwa. Mkono ulikuwa umezoea. Matokeo ya mpira wa kikapu ya wanawake yakija niliyaweka kando, nikashughulikia soka, riadha na raga, na nilipoyarudia nafasi ilikuwa imekwisha. Siku nafasi ikibaki niliacha mstari mmoja: aliyeshinda, aliyeshindwa, pointi. Majina ya wachezaji niliyakata.

Nilijihesabu kuwa mtu wa haki. Mabinti zangu niliwasomesha sawa na ndugu zao, na Jumapili nilisimama mbele ya watu kanisani kusoma Neno. Mtu angeniambia kwamba nawadharau wanawake ningemwona mchokozi. Nalitaja hili kwa sababu huenda nawe msomaji uko pale nilipokuwa, na ukiwa pale hujioni.

Mwaka 1997 mashindano ya ubingwa wa Afrika ya mpira wa kikapu ya wanawake yalichezwa hapahapa Nairobi. Timu za taifa zilitoka huko zilikotoka zikaja hadi mlangoni kwetu. Senegal ilitwaa kombe, na mwaka uliofuata Senegal na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndizo zilizoiwakilisha Afrika kwenye ubingwa wa dunia kule Ujerumani. Sikwenda ukumbini hata mara moja. Matokeo yalipita mezani kwangu kama matokeo mengine yote ya wanawake, na nikayafanyia yaleyale.

Siku zile kulikuwa na dada mmoja, bado kijana, aliyekaa kwenye meza ya kuandika pointi katika mechi za vilabu. Mechi zikiisha jioni alipanda matatu kwa nauli yake mwenyewe akatuletea karatasi ya matokeo, imeandikwa vizuri, jina la kila mchezaji na pointi zake. Nikiambiwa amefika nilijibu asubiri. Alisubiri mapokezi. Mara nyingine giza liliingia nami sijashuka, basi aliiacha karatasi kwa bawabu akaenda kutafuta gari la kurudi nyumbani. Kesho yake niliikuta karatasi hiyo mezani, habari imeshapitwa na wakati, nikaitupa.

Nilistaafu bila kufikiria lolote juu ya mambo hayo. Niliagwa kwa maneno mazuri.

Kugeuka kwangu kulianza mwaka 2021, wakati timu ya kikapu ya wanawake ya Kenya ilipofuzu kwenda Yaoundé kwenye mashindano ya Afrika. Mjukuu wangu, aliyekuwa sekondari na anacheza mchezo huo, alikuja kwangu akauliza, “Babu, ni kweli wanawake wa Kenya waliwahi kucheza ubingwa wa dunia?”

Nikamjibu hapana, haijatokea.

“Kocha amesema 1994. Australia.”

Nikamwambia kocha wake amechanganya mambo. Akanitazama kwa heshima, bila ubishi wowote, akasema, “Lakini Babu, si mwaka huo wewe ulikuwa gazetini?”

Nilikuwa gazetini. Usiku ule nilitafuta, na nikakuta kwamba kocha hakuchanganya chochote. Mwaka 1994 timu 16 zilikutana Australia kuwania ubingwa wa dunia wa kikapu wa wanawake, na Kenya ilikuwa timu pekee ya Afrika iliyocheza huko. Ilimaliza nafasi ya 16. Brazil ilichukua ubingwa kwa kuifunga China kwenye fainali. Mwaka huohuo Brazil ilichukua Kombe la Dunia la soka nchini Marekani, na hilo nalikumbuka mpaka leo, pamoja na penalti ya Roberto Baggio iliyopaa juu ya lango. Makabati yangu nyumbani yamejaa vipande vya magazeti nilivyovihifadhi. Vya Baggio vipo. Vya wanawake wa nchi yangu waliovuka bahari kucheza ubingwa wa dunia sikukuta hata kimoja.

Ningependa kusema kwamba nilibadilika usiku ule, lakini sivyo ilivyokuwa. Kwanza nilikasirika. Nilijiambia kwamba timu iliyomaliza mkia haina habari, na kwamba mhariri yeyote angefanya kama mimi. Nilibeba utetezi huo kwa majuma mengi, na kila nilipomwona mjukuu wangu akitoka na viatu vyake vya mchezo mkononi, utetezi ule ulipungua nguvu. Hatimaye niliomba, na nilichoomba ni ujasiri wa kwenda kumtafuta yule dada.

Nilimpata kupitia watu wa mchezo. Sasa ni mama mtu mzima, nywele zimeanza mvi. Nilitarajia atakuwa amenisahau. Alifungua mlango, akanitazama, akasema, “Karibu, Mzee. Mimi ndiye uliyekuwa ukinikalisha pale mapokezi.” Hakusema kwa uchungu. Nilijaribu kuomba radhi na maneno yakanikwama. Akaniambia nikae, akaleta chai, akaingia chumbani akatoka na daftari nene lenye jalada gumu. Kila karatasi aliyotuletea, alikuwa ameinakili kwanza humo: tarehe, uwanja, majina, namba za jezi, pointi. “Nilijua mtayapoteza,” akasema. “Chukua kalamu, tuandike.”

Nimewaza sana juu ya neno lile, tuandike. Alikuwa na haki ya kunifungia mlango. Mimi ndiye niliyemsababisha aandike kila kitu mara mbili, naye akanipa kazi yake yote bila kunidai hata ungamo refu. Sikustahili, na sijapata namna ya kulipa.

Basi tukaanza. Yeye ndiye mwalimu wangu wa historia hii, nami nilikuwa mwanafunzi niliyechelewa. Wanaume wa Afrika walianza kushindania ubingwa wao mwaka 1962 mjini Cairo. Wanawake walianza mwaka 1966 mjini Conakry, nchini Guinea. Misri ilishinda mara hiyo ya kwanza, ikashinda tena nyumbani kwake Cairo mwaka 1968. Kisha kukawa kimya mpaka 1974 mjini Tunis, ndipo Senegal ilipoanza utawala wake: 1974, 1977, 1979 mjini Mogadishu, 1981, na kuendelea, hadi kufikisha makombe 11 kwa lile la mwaka 2015. Mogadishu! Mashindano ya wanawake wa Afrika nzima yalichezwa jirani yetu kabisa, na katika miaka yangu yote gazetini sikuwahi kusikia mtu akiyataja.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ya Wakongo, enzi hizo nchi yao ikiitwa Zaire. Walivunja utawala wa Senegal mwaka 1983 mjini Luanda, wakarudia Maputo mwaka 1986, wakarudia tena Johannesburg mwaka 1994. Ushindi ule wa Johannesburg uliwafikisha kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, na hiyo ndiyo timu ya kwanza ya wanawake wa Afrika kucheza kikapu cha Olimpiki. Walipoteza mechi zote, wakawa wa 12 kati ya timu 12. Mimi wa zamani ningesoma mstari huo na kufunga jalada. Lakini kwenye timu ile alikuwamo msichana wa Kinshasa, Mwadi Mabika. Mwaka 1997, ligi ya wanawake ya Marekani ilipoanza, alijiunga na Los Angeles Sparks, na mwaka 2001 na 2002 alikuwa bingwa wa ligi hiyo pamoja nao. Timu ya mwisho Atlanta ilikuwa na bingwa ndani yake, na aliyetazama msimamo peke yake hakumwona.

Dada yule alinionyesha pia kitu ambacho sikuwahi kukiuliza. Katika daftari lake kulikuwa na mchezaji wa Mombasa aliyekuwa akiongoza kwa pointi, halafu jina likatoweka. Nikamuuliza kama aliumia. Akasema hapana. Alitaka kuendelea mbele kimataifa, na sheria za mchezo hazikuruhusu kufunika kichwa, naye hakuwa tayari kuvua mtandio wake. Akaacha. Shirikisho la kimataifa, FIBA, liliondoa katazo hilo mwaka 2017. Kwa mchezaji huyo ilikuwa imechelewa sana. Nchi yenye pwani kama yetu, na mimi mtu wa habari za michezo, sikujua hata kama katazo hilo lipo. Hili bado linaniuma.

Kujua historia ni jambo moja, kutazama mchezo ni jingine. Nilikwenda ukumbi wa Nyayo kutazama wanawake wa klabu ya KPA ya Mombasa wakicheza na wale wa klabu ya Equity, na nilikwenda na macho ya zamani. Nilingoja mtu apae aubamize mpira kikapuni, hakuna aliyefanya hivyo, nikaanza kupiga miayo. Mjukuu wangu akaninong’oneza, “Usiufuate mpira, Babu. Mfuate asiye na mpira.” Nikajaribu. Nikamwona msichana mmoja akisimama imara kumziba mlinzi ili mwenzake apite, akasukumwa, akainuka, akarudi kusimama palepale, robo baada ya robo, bila kufunga pointi yoyote ya maana. Timu yake iliishi kwa kazi ile. Ilinichukua muda kujifunza kuona hivyo, na hata sasa kuna siku narudia mazoea: najikuta nikisema “wamejitahidi” kwa sauti ambayo nisingeitumia kwa wanaume. Mjukuu wangu hunikumbusha, nami hushukuru.

Mwaka 2023 mashindano yalikuja Kigali. Tuliyatazama kwenye simu yake, vichwa vyetu vimegusana juu ya kioo kidogo. Rwanda ilifika nusu fainali mbele ya watu wake, na ukumbi ulivyokuwa ukipiga kelele niliwaza juu ya Nairobi ya 1997 na viti nisivyokwenda kukalia. Nigeria iliifunga Senegal kwenye fainali. Mwaka uliofuata, kwenye Olimpiki ya Paris, Nigeria hiyohiyo ikiwa na kocha Rena Wakama iliifunga Australia, ikaifunga Kanada, ikaingia robo fainali. Hakuna timu ya kikapu ya Afrika, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imefika hapo kwenye Olimpiki. Miaka 28 ilikuwa imepita tangu wale dada wa Zaire wapoteze kila mechi Atlanta. Nililia, na sioni aibu kusema.

Mwaka 2025 mjini Abidjan Nigeria ilichukua kombe la tano mfululizo. Hilo sikulisoma kwa mtu. Nililiandika mwenyewe katika daftari jipya, chini ya mistari ya yule dada, tarehe na majina, siku ileile.

Kazi yetu haijaisha. Tunao mabingwa wote tangu 1966, lakini mabingwa ni rahisi kuwapata. Wanaokosekana ni wale wa timu zilizofungwa, wa vilabu vilivyokufa, wa mashindano ya mikoani ambayo hakuna aliyeyaandika, na katika baadhi ya hayo najua kwa hakika kwamba karatasi ilifika mezani kwangu. Siwezi kuyarudisha yote. Tunakwenda kwa mama mmoja mmoja, tunauliza jezi yake ilikuwa namba gani, na wengi hushangaa kwanza kwamba kuna mtu anauliza. Mmoja alikaa kimya kwa muda, kisha akataja timu yake nzima, wachezaji wote na kocha, bila kukosea, na kuwaombea waliotangulia mbele za haki.

Ndugu yangu unayesoma, kama mama yako, shangazi yako au jirani yako alicheza, muulize leo, na uandike jina lake kamili na mwaka. Kama nyumbani kuna picha ya timu, igeuze nyuma uandike waliosimama na waliochuchumaa, maana wanaowajua wanazeeka. Na kama umekaa pale nilipokaa mimi, kwenye dawati, na kuna msichana anasubiri chini mapokezi akiwa na karatasi ya matokeo, tafadhali shuka umpokee.