Breki ziligoma njia ya Soni

Msomaji, kama hujawahi kushuka na baiskeli kutoka Lushoto hadi Mombo, kilomita 33 za kona tupu, usinicheke. Tulikuwa wanne: washikaji wangu wawili, mimi na mchumba wangu, ambaye nilimpa somo zima la gia na breki utadhani nilizaliwa juu ya tandiko.

Asubuhi tulianzia Irente. Pale mlima unakatika ghafla, na chini kabisa unaiona Mazinde na nyika iliyotandazwa kama mkeka. Mchumba alinyamaza kimya. Mimi nikazidi kutamba.

Basi bwana, tukaanza kuteremka. Kabla ya Soni waya wa breki ya nyuma ukakatika. Ya mbele ilishika kidogo tu. Upande korongo, mbele kona, na Coaster inapanda huku inapiga honi! Nikaburuza viatu, nikajitupa kwenye ukingo wa udongo. Goti likachanika.

Washikaji walishapotelea mbele. Aliyegeuka na kukipanda tena kile kilima ni mchumba. Akanifunga goti kwa kitambaa chake, akautazama waya, kisha akauliza: "Mwalimu, hiyo breki asubuhi uliijaribu?"

Hadi Soni tulitembea, kila mtu akikokota yake. Nikamnunulia mapeasi. Hakunipa hata moja.