Katoro, Mji wa Wageni

Atokaye Mwanza kwenda Geita siku hizi hangojei tena kivuko. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, limemwondolea foleni ile. Tulilivuka asubuhi, na kabla ya Adhuhuri tukashuka Katoro, kando ya barabara iendayo Chato na Bukoba, tukaswali kwa kupunguza kama ilivyo ruhusa ya msafiri.

Mgeni asihangaike kutafuta mpaka. Katoro imo Wilaya ya Geita na Buseresere imo Chato, lakini maduka yameshikana hata hujui umetoka wapi na kuingia wapi. Sokoni utaamkiwa "mwadila" kabla ya "hujambo", kwani Wasukuma ni wengi. Waha na Wahaya nao wamo, na ardhi yenyewe ni Usinza. Tulikula ugali wa muhogo kwa sato, kisha tukaonjeshwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa. Mmoja wetu aliomba sahani ya pili. Jina lake tunalisitiri.

Wengi hudhani historia ya hapa imeanza na dhahabu. Sivyo. Kabla ya kuja Mjerumani, Warongo, mafundi wa Usinza, waliyeyusha chuma kwa mkaa na mivukuto, na majembe yao yalitafutwa hadi Usukuma. Misafara ya Waarabu na watu wa pwani, itokayo Tabora, ilipita nchi hii kwenda Karagwe. Mwaka 1861 Speke alipita humo akiugua na kudaiwa hongo na watemi. Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akafikishwa India kama mtumwa, kisha akarejea Afrika akiwa huru.

Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, ukanyamaza, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Katoro, hata hivyo, huishi zaidi kwa wachimbaji wadogo wa Rwamgasa na Nyarugusu: maduara, karasha, mwalo, na zebaki ambayo vijana huishika kwa mikono mitupu. Hilo lilituumiza macho.

Baada ya Alasiri imamu mmoja alitutolea daftari la kurasa ngumu. Machimboni, alisema, kijana huitwa kwa jina la utani, na duara likiporomoka hakuna ajuaye baba yake ni nani wala kwao ni wapi. Amekwisha kuosha na kuwaswalia watu ambao mama zao hadi leo wanawangoja. Ndiyo maana kila mgeni aingiaye msikitini humwandika: jina kamili, la baba, kijiji, na simu ya nyumbani. Wengine hukataa, wakidhani anatafuta wadaiwa.

Tulipekua kurasa. Kondoa, Kigoma, Ujiji, Tanga, Lindi. Kwenye mstari mmoja palikuwa na jina la utani tupu na tarehe. Tulimwuliza habari zake.

"Huyo," alijibu, "aliniahidi kurudi Ijumaa kunipa namba ya mama yake."

Kisha akatusogezea kalamu, kwani sisi nasi tulikuwa wageni.