Majani Yasiyongoja: Mavuno ya Chai Huko Japani

Sisi tuliozaliwa katika nchi ya chai, upande wa Limuru, tumezoea kuchuma mwaka mzima. Mtu akikosa siku yake hujipa moyo kwamba majani mengine yatachipuka baada ya juma moja au mawili. Lakini mwaka 2025 nilijaliwa kwenda Japani, nikakaa kwa familia moja ya wakulima katika uwanda wa Makinohara, mkoa wa Shizuoka, nikiwasaidia kazi ya mavuno. Huko niliona desturi nyingine kabisa.

Katika nchi ile michai hulala muda wote wa baridi, nayo huamka mwezi wa Aprili. Majani ya kwanza ndiyo matamu, na ndiyo yenye bei kubwa kuliko yote ya mwaka. Tangu zamani wakulima huhesabu siku tangu mwanzo wa majira ya kuchipua kwa kalenda yao ya kale, na usiku wa 88, mwanzoni mwa mwezi wa Mei, ndio alama ya mavuno. Kabla ya hapo hofu yao kubwa ni jalidi, maana usiku mmoja tu waweza kuyaunguza machipukizi yote. Ndiyo sababu mashambani pamesimama nguzo ndefu zenye feni. Baridi ikizidi, feni hizo huzunguka na kuteremsha hewa yenye vuguvugu iliyo juu.

Uwanda huu zamani ulikuwa pori. Serikali ya ukoo wa Tokugawa ilipoanguka mwaka 1868, askari wake wengi walikosa kazi, na mwaka uliofuata baadhi yao walikuja hapa, wakaacha panga na kushika majembe. Hata leo wenyeji wa sehemu hizi hukata nyasi za vilimani baada ya mavuno ya mwaka, wakazikausha na kuzitandaza kati ya mistari ya michai ili kuhifadhi udongo.

Basi, kazi yenyewe ni hivi. Watu wawili hushika mashine yenye wembe uliopinda, mmoja upande huu wa mstari na mwenziwe upande wa pili, na mtu wa tatu hufuata akishika mkia wa mfuko unaopokea majani. Siku ya kwanza nilipewa mfuko. Siku ya pili Mzee mwenye shamba akanipa upande mmoja wa mashine. Nikachoka upesi, mkono ukashuka, na wembe ukakata majani makuukuu ya chini pamoja na machanga. Mzee akazima mashine asiseme neno. Akaumwaga mfuko juu ya turubai, akapiga magoti, akaanza kuchambua jani moja moja. Nami nikapiga magoti kando yake, nimejaa haya. Tulipomaliza akaniambia kwa upole, “Mashine haina macho. Macho ni yako.”

Niliielewa haraka yake tulipofika kiwandani jioni. Majani yaliyochumwa yakilundikana hupata joto na kuharibika. Kwa hiyo hutiwa mvuke siku ile ile, yasigeuke rangi kama chai yetu nyeusi, kisha hukaushwa huku yakisokotwa. Kilo 5 hivi za majani mabichi hutoa kilo 1 tu ya chai kavu. Mtambo hunguruma usiku kucha, na mkulima aliyechelewa huingia nyuma ya wenziwe.

Jambo lililonisikitisha ni kuona vichwa vyeupe tu mashambani. Watoto wa Mzee wako mjini, na pembeni mwa shamba lake palikuwa na michai ya jirani iliyoachwa hata ikawa mirefu kama miti. Mwaka 2024 mkoa wa Kagoshima, wenye mashamba tambarare na mashine kubwa, uliushinda Shizuoka kwa wingi wa chai. Nilimwuliza Mzee ni nani atakayelishika shamba lake. Akatazama mistari yake, akajibu, “Kesho mvua itanyesha. Tumalize mstari huu kwanza.”

Tukaumaliza. Nami tangu nirudi nyumbani, siku ya kuchuma ikifika, sisemi tena kwamba juma lijalo lipo.