Kompyuta Moja, Milango Miwili

Wako watu wanaoamini kwamba mke na mume wakishaunganishwa kwa kiapo, hakuna kufuli lifaalo kuwekwa kati yao. Imani hiyo ni njema. Hata hivyo, tangu kompyuta ilipoingia nyumbani kwetu hapa Nkanka, nimeona kwamba si kila kilichomo nyumbani ni mali ya wenye nyumba.

Mume wangu ni askari polisi. Mimi ni mtunza hazina wa kikundi cha akina mama wanaouza sambaza wa Ziwa Kivu, ambao kila juma huweka akiba na kukopeshana. Mwanzoni sote, pamoja na watoto, tuliingia katika kompyuta kwa mlango mmoja. Siku moja kijana wetu, akitafuta nafasi ya kuhifadhi mchezo, alifuta faili la mikopo. Nilikesha siku mbili nikijumlisha upya kutoka daftarini.

Hasara hiyo ilirekebishika. Lililonisumbua zaidi lilikuja baadaye, mume wangu alipoona katika hesabu zangu deni la mke wa askari mwenzake.

“Mama watoto,” aliniuliza, “mwenzangu analijua deni hili?”

“Baba watoto, deni hilo si langu kulisema, wala si lako.”

Alinyamaza kwa muda. Kisha akakiri kwamba naye anayo mambo ya kazini asiyonisimulia, nami sijapata kumlaumu kwa hayo.

Tangu siku hiyo kila mmoja wetu ana akaunti yake na neno lake la siri. Watoto wana yao, isiyoruhusu kuongeza programu wala kugusa mafaili yetu. Matumizi ya nyumba, karo, bima ya afya na maombi tunayopeleka serikalini kwa njia ya Irembo huwekwa katika folda moja ambayo sisi wawili twaifungua.

Lakini, ndugu msomaji, fahamu kwamba iko akaunti ya msimamizi, nayo ni ufunguo wa nyumba nzima. Mwenye kuishika aweza kubadili neno la siri la mwenzake na kuyafungua mafaili yake. Ikiwa mmoja tu ndiye msimamizi, mlango wa mwingine ni pazia tu. Sisi tuliitenga, tukaigawa siri yake: yeye ajua nusu ya kwanza, mimi nusu ya pili. Anapopelekwa kazini mbali, huniachia nusu yake ndani ya bahasha iliyofungwa, ili dharura isinikute nje ya mlango.

Tusijidanganye pia kuhusu wezi. Akaunti peke yake haimzuii aliyeibeba mashine. Aweza kuchomoa diski na kuisoma kwenye kompyuta nyingine, ikiwa yaliyomo hayajageuzwa kuwa fumbo. Kwa hiyo nyaraka za kazini za askari hazina nafasi nyumbani hata kidogo, na nakala ya hesabu za kikundi huiweka kando, mahali palipofungwa.

Wifi yangu alipoona mpango huu aliuliza ninaficha nini. Nilimjibu kwamba mshahara wa kaka yake naujua, naye ajua kila faranga niipatayo sokoni. Yaliyofungwa ni majina, namba za vitambulisho na madeni ya wanawake walioniamini. Sheria ya Rwanda ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi yasisitiza kwamba mwenye kutunza habari za watu azilinde. Lakini hata kabla ya sheria hiyo, amana ilikuwa amana.

Wanandoa wanaotaka kugawana kompyuta wakae kwanza, waulizane: yapi ni yetu, na yapi ni ya watu? Yaliyo yetu yawe wazi kwa wote wawili. Yaliyo ya watu, kila mmoja ayafungie aliyokabidhiwa, na mwenzake asimwombe ufunguo.