Bujumbura: Meza ya Seremala na Daftari la Nyumba

Mji wa Bujumbura umekaa kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo milima ya Burundi huteremka kukutana na maji. Wajerumani walijenga kambi ya askari hapo mwishoni mwa karne ya 19, na katika enzi ya Wabelgiji mji uliitwa Usumbura. Jina la Bujumbura lilishika nchi ilipopata uhuru wake tarehe 1 Julai, 1962. Mwaka 2019 Gitega ilifanywa kuwa makao makuu ya siasa. Hata hivyo Bujumbura ungali mji wa biashara na bandari, na meli za mizigo huufikia kutoka Kigoma na Mpulungu.

Mgeni anayesema Kiswahili hajioni mpweke mjini humo. Katika mtaa wa Buyenzi, wenye barabara zilizopewa namba badala ya majina, Kiswahili ndicho lugha ya baraza, ya soko na ya karakana. Mafundi wa magari, wahunzi na maseremala hufanya kazi karibu karibu. Mlio wa randa huchanganyika na wa nyundo, na kitanda kilichokwisha pakwa vanishi hutolewa nje kikauke huku wapita njia wakikikagua.

Kwa seremala wa namna hiyo ndiko anakokwenda mwenye nyumba aliyeamua kugeuza chumba kidogo kuwa ofisi yake. Pengine ni mwalimu mwenye madaftari ya kusahihisha, pengine mfanyabiashara, pengine askari anayekaribia kustaafu. Wapo watakaoona kuwa ofisi nyumbani ni anasa ya wakubwa. Fikra hiyo si sahihi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Watu wa Bujumbura wanaujua ukweli wa maneno hayo. Mwaka 1972 Warundi wengi sana walikimbilia nchi jirani, hasa Tanzania. Baadhi yao waliporejea baada ya miaka mingi walikuta mashamba yao yanalimwa na watu wengine. Mwaka 2006 iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine ili kushughulikia mashauri ya aina hiyo. Mbele ya baraza lo lote la ardhi, mwenye karatasi huwa na neno la kusema, na asiyekuwa nayo hutegemea kumbukumbu za wazee. Tena, tarehe 27 Januari, 2013 soko kuu la mji liliteketea kwa moto pamoja na bidhaa na fedha zilizohifadhiwa vibandani. Mfanyabiashara ambaye daftari lake la madeni lilikuwa nyumbani siku kama ile alibakiwa na mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ofisi ya nyumbani ni kutunza. Hati ya shamba, vyeti vya watoto, barua za kazi na karatasi za malipo ya uzeeni havistahili kukaa mvunguni mwa kitanda ndani ya mfuko wa plastiki, ambamo unyevu, panya na mchwa huvifikia kabla ya mwenyewe kuvihitaji.

Jambo linalofuata ni mbao. Katika milima ya Burundi imepandwa mikaratusi, misonobari na migrivilea, na upandaji huo ulikazwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mbao nzito za miti ya asili huja zaidi kutoka Kongo, zikivuka mpaka wa Gatumba. Msitu wa asili wa Kibira umehifadhiwa kuwa mbuga ya taifa, na mnunuzi mwungwana huuliza mbao zimetoka wapi kabla ya kuuliza bei. Msonobari ni mwepisi na hupigika randa kwa urahisi, lakini hupendwa na wadudu. Mkaratusi ni mgumu, ila hupinda na kupasuka ukitumiwa ungali mbichi. Mvule ni ghali, lakini mchwa huuogopa.

Ubao wo wote sharti ukauke. Desturi ya mafundi wengi duniani ni kuuacha mwaka mmoja kwa kila sentimeta 2.5 za unene, umepangwa kivulini na kutenganishwa kwa fito ili hewa ipite. Kiangazi cha Juni hadi Septemba husaidia sana. Meza iliyoundwa kwa mbao mbichi itapendeza siku ya harusi yake, kisha mvua zikija, mtoto wa meza atakataa kufunguka.

Vipimo navyo vina maana. Meza ya kuandikia huwa na urefu wa sentimeta 75 kutoka sakafuni, na kiti sentimeta 45. Aandikaye kwa mkono wa kulia aketi dirisha likiwa kushoto kwake, ili kivuli cha mkono kisifunike maandishi. Rafu ya vitabu isizidi sentimeta 80 bila nguzo katikati, maana karatasi ni nzito kuliko zinavyodhaniwa. Kabati lisiegemezwe ukutani. Liachiwe nafasi ya kupitisha mkono, na miguu yake isimame juu ya vigae au matofali. Hapo mchwa hawezi kujenga njia yake bila kuonekana.

Familia za askari zina haja nyingine, nayo ni uhamisho. Samani iliyopigiliwa misumari huvunjika inapopakiwa katika lori mara ya pili au ya tatu. Afadhali kumwagiza fundi aunge kwa ulimi wa ubao unaoingia katika tundu na kukazwa kwa kabari. Meza ya namna hiyo hufumuliwa asubuhi, ikasafiri imelala, na jioni ikasimama tena katika kituo kipya.

Makubaliano nayo yaandikwe: mchoro, aina ya mbao, vipimo, siku ya kumaliza, na fedha zilizotangulizwa. Pande zote mbili zitie sahihi. Karatasi hiyo humlinda mwenye nyumba, na humlinda fundi pia dhidi ya mteja anayebadili maneno kazi ikishaanza.

Meza hiyo haitakuwa ya baba peke yake. Jioni mama ataandikia hesabu za nyumba hapo, na watoto watafanyia mazoezi yao ya shule. Ufunguo wa kabati la hati ujulikane na watu wazima wawili, wala si mmoja. Kwani mwenye ufunguo akifikwa na ajali kazini, mjane hana wakati wa kuvunja kitasa.